Nyikani Hakuna Bahari ya Kukimbilia

Sisi watu wa Mombasa tumedekezwa na bahari. Mtu anavuta choo Tudor au Likoni, maji yanazama, na habari imekwisha. Kuna mtambo wa maji taka Kipevu, upande wa Changamwe, na mwingine Kizingo, lakini nyumba nyingi za mji huu hazijaunganishwa na wowote kati ya hiyo miwili. Zina shimo uani, lililochongwa ndani ya jiwe la matumbawe, na jiwe lile limejaa matundu. Mwenye nyumba akitaka kulisifu shimo lake husema, "Hili halijawahi kujaa tangu enzi za marehemu baba." Mimi ni fundi wa mabomba. Sifa hiyo nimeisikia Majengo, Kisauni na Mikindani, na kila nikiisikia hutazama kwanza kisima kilipo. Shimo lisilojaa ni shimo linalovuja. Maji yamepita kwenye jiwe, yakaingia kisimani kwa jirani, au yakatokea pwani maji yakipwa.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu mafundi wa huku tukiitwa bara huwa tunakwenda na akili ya bahari. Tunajenga tangi la septiki, tunachimba shimo la kufyonza, tunapokea chetu, tunashuka. Maji yameondoka machoni, basi kazi imefanyika. Lakini huko juu maji yakiondoka yameondoka kweli, na kesho yake mtu atalipa boza lije na mengine.

Ukishika barabara ya Nairobi, ukapita Mazeras na Mariakani, minazi inakwisha na ardhi inabadilika rangi. Kabla ya kufika Samburu unapita pahali paitwapo Maji ya Chumvi, na jina halitanii. Wanajiolojia nao wameiita miamba ya ukanda ule kwa jina hilo hilo. Kisima ukichimba ndani yake, uwezekano ni mkubwa upate maji ambayo hata chai yake haikubaliki. Mbele yake ni Taru na Mackinnon Road, nyika yenyewe. Mombasa tunapata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Wao hupata kama nusu yake, mwaka ukiwa na huruma. Na katikati ya ukavu huo limepita bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 kuleta maji ya chemchemi za Tsavo hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Yaani maji yanapita mlangoni kwa Mduruma, mwenyeji wa nyika ile, hapewi ila kwa zamu, yanashuka kwenda kuvuta choo cha Tudor. Ukilifikiria sana utaona haya.

Niliitwa huko na kijiji kimoja, ambacho sitakitaja jina. Kina shule ya bweni, zahanati, nyumba za walimu, msikiti mdogo na kanisa, vyote juu ya kilima kimoja. Shule ikifunguliwa, ni watu wapatao 400. Maji yao ni ya bomba siku za zamu, ya mvua kwenye matangi mvua ikinyesha, na ya boza yote mawili yakikosekana.

Walikuwa tayari na mtambo. Mfadhili mmoja aliwaletea sanduku kubwa la chuma lenye mashine ya kupuliza hewa ndani ya maji machafu, ili vijidudu vinavyokula uchafu vipate kupumua. Teknolojia hiyo si mbaya. Miji mikubwa inaitumia, penye umeme wa uhakika, mhandisi wa zamu na stoo ya vipuri. Hapa ilitaka umeme usiku na mchana. Bili zikapanda, shule ikawa inauzima usiku, halafu wikendi, halafu mota ikaungua, na wa kuleta nyingine hakuonekana. Nilipofungua kizimba cha mashine nilikuta kuku ametaga juu ya kifuniko cha mota, akanitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi. Chini ya kilima, maji meusi yalikuwa yanachuruzika kwenye korongo kavu. Mbuzi walikuwa wakinywa hapo, na watoto wa kuchunga wakivuka peku.

Kabla ya kugusa jembe nilihesabu. Mtu wa kule hutumia kama lita 30 kwa siku kwa kila kitu: kuoga, kufua, kupikiwa na choo. Sasa, uchafu anaoutoa mtu mmoja, ukiupima kwa oksijeni ambayo vijidudu huhitaji ili kuumaliza, ni kama gramu 40 kwa siku. Kipimo hicho wataalamu hukiita BOD. Mtu wa mji wenye maji tele, anayetumia lita 200, uchafu wake unachanganyika na maji mengi, na unapata kama miligramu 200 kwa lita. Gawanya gramu hizo hizo 40 kwa lita 30: ni zaidi ya miligramu 1,300. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka maji yanayoachiliwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 tu. Kwa hiyo kijiji kisicho na maji kina maji taka mazito mara sita au saba kuliko ya mji, na ndicho kisicho na mhandisi. Michoro mingi ya mitambo midogo niliyoonyeshwa imechorwa kwa maji mepesi ya mjini. Sishangai inapokabwa.

Uzito huo unaleta balaa nyingine, ya mabomba. Choo cha kuvuta cha lita 9 huko ni anasa. Ukikifunga, watu watakipa lita mbili za kopo, na lita mbili haziwezi kusukuma kinyesi meta 80 hadi kwenye tangi. Kitakaa njiani kikauke. Ndiyo maana nilivunja wazo la kukusanya kila kitu mahali pamoja mbali na nyumba. Tangi lilikaribia vyoo, na vyoo vikawa vya kumwagia kwa kopo, vyenye bakuli lenye mteremko mkali. Sisi tunaostanji kwa maji choo hicho tunakielewa bila kufundishwa. Wavulana wa bwenini wanahitaji somo. Nilitoa magunzi ya mahindi, mawe, na daftari zima la hisabati lililokunjwa kama sambusa.

Kisha kuna suala la kutenganisha, na hapa niliokolewa na ustadhi wa madrasa. Mimi nilikuja na maneno yangu ya kifundi, wazee wa kamati wakawa wanatikisa vichwa kwa adabu tu. Ustadhi akasema, "Fundi, hayo si ndiyo tunayowasomesha watoto kwenye mlango wa twahara?" Akaeleza. Yapo maji mutlaki, safi na yenye kusafisha. Yapo mustaamali, yaliyokwisha tumika kwa udhu au josho: ni safi yenyewe, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi hayasafishi tena. Na yapo mutanajisi, yaliyoingiwa na najisi. Kila mtu pale, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, akaelewa papo hapo kwa nini sitaki maji ya bafuni na ya msikitini yaingie kwenye tangi la choo. Ukimwaga ndoo moja ya najisi kwenye ndoo nne za maji ya kuoga, umepata ndoo tano za najisi. Kwenye zile lita 30, choo kinachukua sita au saba tu. Zilizobaki zina sabuni, jasho na mchanga. Si za kunywa, lakini shida zao ni ndogo.

Mzee mmoja akauliza swali ambalo nadhani wengi walikuwa nalo kooni: papai lililokulia kwenye maji ya choo ni halali? Ustadhi akasema kwa Shafi mmea uliokulia kwenye najisi wenyewe si najisi. Kilichoguswa na najisi kwa nje kinaoshwa. Akaongeza kuwa Baraza la Wanachuoni Wakuu wa Saudia lilitoa fatwa mwaka 1978 kwamba maji taka yakisafishwa hadi rangi, ladha na harufu ya najisi vikaondoka kabisa, yanarudi kuwa twahara, hata kwa udhu, ingawa kuyanywa ni jambo la kuepuka kwa kuchunga afya. Mimi nikatia langu: Windhoek, mji mkuu wa Namibia, nchi kavu kuliko Nyika yetu, wamekuwa wakisafisha maji taka na kuyarudisha kwenye mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968. Hilo halikumvutia mtu. Mzee akasema, "Hao ni hao, mwanangu. Sisi tuambie ya papai."

Maji ya kuoga basi yalikwenda kwenye migomba. Nyuma ya kila bafu tulichimba shimo la duara la kina cha kiuno, tukalijaza matawi, majani makavu na mabua, tukapanda migomba na mipapai kuizunguka kingo. Maji yanaingia chini ya majani, hayaonekani, hayazalishi mbu, na mgomba ni mnywaji hodari. Kazi ya siku moja kwa shimo, bila simiti.

Maji ya jikoni ndiyo yaliyonipa taabu ambayo vitabu huipitia kwa mstari mmoja. Jiko la shule hupika sufuria za ugali na maharagwe kwa mafuta mengi, na sufuria zile huoshwa kwa maji ya moto. Mafuta yakiwa moto yanapita vizuri. Yakipoa ndani ya bomba yanaganda. Tulijenga mtego wa mafuta: kisanduku cha matofali chenye vyumba viwili, ukuta wa katikati ukiwa wazi chini, ili mafuta yaelee huku na maji yapite kwa chini kwenda kule. Wiki ya kwanza nilikaa na mpishi mkuu, mama mwenye sauti ya kuamrisha, tukafungua mfuniko pamoja. Juu palikuwa na utando mweupe mzito wa unene wa vidole vitatu, umeshika punje za maharagwe na ukoko wa ugali. Chini ya utando, maji ya kijivu. Chini kabisa, mchanga wa kusugulia sufuria. Akautazama akasema, "Yote haya yalikuwa yanakwenda wapi?" Yalikuwa yanakwenda kwenye sanduku la mfadhili. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye zamu ya Ijumaa: anachota utando kwa upawa wa zamani na kuufukia kwenye mboji. Kijana wa kazi akimruka, anasikia habari yake.

Sasa choo. Jibu la vitabu kwa nchi zenye joto ni mabwawa: moja lenye kina kirefu ambamo uchafu unaoza bila hewa, la pili la meta moja na nusu ambamo mwani hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua, kisha mengine mafupi ya kuua vijidudu kwa mwanga. Hayataki umeme wala spana. Maji taka ya Nairobi kwa sehemu kubwa yanatibiwa hivyo kule Ruai, kwenye mabwawa ya Dandora, na mimi nayaheshimu sana. Lakini piga hesabu ya Nyika. Tuseme kwa watu 400 na maji yao yote, mabwawa yamechukua meta 1,000 za mraba. Jua la kule hula kama milimita 6 za maji kwa siku. Kwenye meta 1,000 za mraba hizo ni lita 6,000. Kijiji kinatoa lita 12,000. Nusu imekwenda angani, na iliyobaki ina chumvi mara mbili, maana mvuke hauchukui chumvi. Pahali ambapo udongo na visima vina chumvi tayari, huko ni kuongeza deni.

Basi wengine husema, panda matete. Unalaza kokoto kwenye sakafu isiyovuja, kina cha nusu meta hivi, unapanda matete juu, na maji yanatambaa ndani ya kokoto bila kuonekana, vijidudu vya kwenye mizizi na kokoto vikiyala. Hapa kwetu mfano ni Gereza la Shimo la Tewa, kwenye hori ya Mtwapa, lililochaguliwa kwa mradi wa namna hiyo chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, uliotangazwa mwaka 2008, ili uchafu wa gereza usiendelee kuingia horini. Ni wazo zuri kwa Mtwapa. Pale anayelindwa ni samaki na mikoko, na maji yakipungua njiani hakuna anayelia. Nyikani, matete yenyewe ni mnywaji. Kwenye upepo mkavu wa kiangazi yanaweza kupumua maji mengi kuliko bwawa lililo wazi. Ukimaliza, una maji machache masafi na shamba la matete ambalo hakuna anayelihitaji.

Hapo ndipo nilipofika na msimamo wangu, na ninaujua hautawapendeza wahandisi wote: mahali pakavu, usihangaike kuyafanya maji yang'ae. Kama lazima yanywewe na jua, yapite kwanza kwenye mti wenye faida. Tibu kiasi cha kuondoa mango, yaani vitu vigumu, harufu na sehemu kubwa ya uchafu, ndani ya vyumba vilivyofunikwa ambamo jua halifiki, kisha yapeleke chini ya udongo kwenye mizizi. Nitrojeni na fosforasi, ambazo mitambo ya mjini hugharimika kuziondoa, hapa ni mbolea ya bure.

Tulichojenga ni tangi la septiki, halafu vyumba vinne vilivyofuatana. Katika kila chumba maji yanashushwa hadi chini kwa bomba, yanapanda polepole kupitia tope lenye vijidudu visivyohitaji hewa, yanamwagikia chumba kinachofuata. Hakuna pampu, mteremko wa kilima unatosha. Maji yanakaa humo siku mbili tatu. Joto la kule, ambalo watu hulilaani, ndilo linalowapa vijidudu hao nguvu; Ulaya mpangilio huu hulegea wakati wa baridi. Lakini hawaamki mara moja. Tulianza kwa kumwaga ndoo za samadi mbichi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji, maana tumbo la ng'ombe lina jamaa zao, na hata hivyo ilichukua miezi kadhaa kabla ya maji ya chumba cha mwisho kuacha kunuka mayai viza. Miezi hiyo ndiyo ya kuvumiliana. Mwalimu mmoja alikuwa akipita akijifunika pua kwa kitabu cha mahudhurio, na alihakikisha namwona.

Maji yanayotoka hapo hayafiki ile 30 ya kanuni, wala simdanganyi mtu. Ni ya rangi ya chai ya mkandaa iliyozimuliwa. Ndiyo sababu hayaachiwi korongoni. Yanaingia kwenye paipu za plastiki zenye matundu, zilizozikwa kwenye kokoto chini ya safu za mwarubaini, mvinje na mabingobingo, yale majani ya kulishia mifugo. Udongo wenye mizizi ndio chumba cha mwisho. Kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kinatakiwa vile vile, na karatasi zake mwalimu mkuu ndiye aliyezishughulikia.

Mvinje nilisisitiza mimi. Yeyote aliyewahi kutembea Haller Park, Bamburi, ameuona ulivyofanya. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la matumbawe matupu lenye maji ya chumvi chini yake, na mti uliokubali pale kwa nguvu kuliko mingine ndio huo. Mti unaostahimili chumvi na kutengeneza nitrojeni yake mwenyewe, ukaukataa kwa sababu gani?

Chumvi narudia kuitaja kwa sababu ndiyo itakayoua mradi wa namna hii, polepole, bila harufu. Sabuni ya kipande tunayofulia imetengenezwa kwa kostiki soda, na sodiamu yake ikizidi kwenye udongo wa mfinyanzi, udongo unajifunga. Maji yanasimama juu na mizizi inakosa pumzi. Kwa hiyo safu zimegawanywa mbili, na kuna kizuizi cha kuhamisha maji: miezi kadhaa huku, miezi kadhaa kule, ile iliyopumzishwa ikisubiri masika iisuuze. Ukiona ganda jeupe juu ya ardhi mwishoni mwa kiangazi, umechelewa kuhamisha.

Na minyoo. Vijidudu vingi vya kuhara hufa wakikaa njiani, lakini yai la mnyoo mkubwa wa tumboni lina ganda gumu, na huishi miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 ulitaka maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi yai moja kwa lita. Vyumba vyangu haviwezi kuahidi hilo. Kwa hiyo hakuna mchicha, hakuna kachumbari, hakuna karoti kwenye safu zile, wala bomba la juu ambalo mtoto mwenye kiu atalifungua. Mipapai nayo iko kwenye maji ya bafuni tu, ingawa ustadhi aliniruhusu zaidi. Mabingobingo yanakatwa, yanaanikwa juani, ndipo mifugo inapewa.

Mayai mengi ya minyoo huzama na tope, maana yake hatari haikuondoka, imehamia chini ya tangi. Hili watu huwa hawataki kulisikia siku ya uzinduzi. Septiki ya kule itajaa baada ya miaka miwili au mitatu, na lazima tope litoke. Mombasa unapiga simu, gari la kunyonya linakuja, linanyonya, linaondoka, na ni wachache wanaouliza limekwenda kumwaga wapi. Kulipandisha gari hilo kilomita zaidi ya 50 hadi kijijini ni gharama inayokula ada za wanafunzi wengi. Kwa hiyo tulijenga vitanda vya kukaushia, vya mchanga juu ya kokoto, chini ya tangi ili tope lishuke lenyewe kwa bomba. Likikauka linapasuka vipande. Vipande vinahifadhiwa kwenye banda lenye paa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuguswa shamba, ambao ndio muda unaopendekezwa kwa joto kama letu. Nimeandika tarehe ya kuingiza ukutani kwa rangi nyekundu, kwa sababu najua kuna mtu mwenye shamba la mahindi ataliangalia lile banda kwa jicho la tamaa.

Anayeulinda mpango huu ni mlinzi wa usiku wa shule, mzee Mduruma mwenye subira. Nilimchagua kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akijua korongo lilianza kunuka mwezi gani. Ana funguo za mifuniko, fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe ya kupimia tope, na daftari. Akiichovya fimbo na kuitoa, kitambaa kinaonyesha tope limefika wapi. Likifika theluthi ya kina, anamwambia mwalimu mkuu. Nilipompigia simu juzi aliniambia tope liko mbali bado, ila mvulana mmoja ametumbukiza kiatu.

Kinachobishaniwa sasa kwenye kamati ni mabingobingo. Kiangazi kilichopita, malisho yalipokauka, wafugaji walikuja na pesa taslimu kununua mzigo mmoja mmoja, na mfuko ukapata kitu. Mwalimu mkuu anataka pesa hizo zinunue madawati. Mama wa jikoni anataka sufuria mpya. Mimi nilipoulizwa nilisema ziwe posho ya mzee wa funguo kwanza, akiba ya kufungulia tope ya pili, na zikibaki ndipo waamue kuhusu madawati. Mwalimu mkuu akasema shule tayari inamlipa mzee kwa ulinzi. Nikamwambia ulinzi wa usiku ni kazi moja na kuchovya fimbo kwenye tangi la choo ni kazi nyingine, na kama anadhani ni sawa, ajaribu Jumamosi moja yeye mwenyewe. Kikao kiliahirishwa.